Nani Aliruhusiwa Kupenda Nini

Masimulizi ya taarabu Unguja yanaanzia ikulu. Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda mambo mapya. Aliingiza maji ya bomba mjini, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na akataka burudani ya jioni iwe na hadhi ya jumba lake. Inasimuliwa kwamba alimtuma kijana aitwaye Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi, na kijana huyo aliporudi akawa na kundi la wapigaji ndani ya ikulu. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Walioalikwa walikuwa jamaa wa kifalme, mabwana wenye mashamba ya mikarafuu na wageni wa kibalozi. Waliopitisha kahawa na halua walisikia pia, bila shaka, lakini kusikia ni jambo moja na kualikwa ni jambo jingine.

Ukivuka maji ulikuwa unaingia Ng'ambo. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari uliojaa na kupwa, ambao baadaye ulifukiwa na juu yake ikapita Creek Road. Upande wa mji zilisimama nyumba za mawe zenye milango ya kuchonga, na upande wa pili vibanda vya udongo na makuti walimoishi watumwa, mahuru, wachukuzi, wavuvi na mafundi. Huko kulikuwa na ngoma. Wanyasa, Wayao, Wazaramo na Wamanyema waliotolewa bara kwa minyororo walikuja na ngoma zao za mavuno, za harusi na za unyago, na sauti zake zilivuka maji usiku hadi kwenye madirisha ya waungwana. Waungwana waliziita kelele. Kwao, aliyekaa kimya akitikisa kichwa kwa kanuni alikuwa mtu wa adabu, na aliyecheza kwa kiuno akitoka jasho alikuwa mshenzi. Katika Zanzibar ya wakati ule ladha ya mtu ilikuwa sehemu ya cheo alichozaliwa nacho, na hakuna aliyemuuliza mtumwa anapenda nini.

Kwenye mavazi mambo yalikuwa wazi zaidi kuliko kwenye muziki, kwa sababu mavazi yanaonekana hata mvaaji asipofungua mdomo. Mwarabu mwenye cheo alivaa kanzu, juu yake joho lenye nakshi za dhahabu, kilemba kichwani na jambia kiunoni. Wake na binti zake walivaa suruali za marinda na kanzu za hariri, na nyuso zao zilifichwa kwa barakoa. Kule Lamu mwanamke wa kiungwana alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa wake, asionekane hata kivuli. Mtumwa mwanamume alifunga winda au kipande cha merikani kiunoni, kifua wazi. Merikani ilikuwa pamba isiyopaushwa, iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts. Mtumwa mwanamke alijifunga kaniki kwapani, kitambaa cha bei ndogo kilichotiwa nili hadi kikawa karibu cheusi. Kofia na viatu havikuwa vyake. Mtumwa akijitokeza mbele ya bwana wake amevaa kofia au makubadhi, ilihesabiwa ufedhuli. Mtu aliweza kusimama Darajani mjini asubuhi na kutaja hadhi ya kila anayepita kwa kutazama kichwa na miguu peke yake.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza waliokwisha kuifanya nchi kuwa himaya yao tangu 1890, alitia saini amri ya kufuta hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Haikuwa amri ya ukarimu. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, bwana ndiye aliyelipwa fidia, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Wengi walibaki mashambani mwa mabwana zao wa zamani wakipewa kiwanja cha kulima muhogo. Ardhi hawakupata, na fedha hawakupata.

Walichokipata kwanza, na wakakitumia bila kuchelewa, ni ruhusa ya kujivika. Nadhani wanahistoria wa siasa hulipita jambo hili haraka mno. Kaniki ilitupwa, au ilibakizwa kwa kazi chafu, kwa kuwa kila aliyeiona ilimkumbusha minyororo. Wanaume walionunuliwa sokoni utotoni wakaanza kuvaa kanzu na kofia kwenda msikitini Ijumaa. Na wanawake wakaichukua kanga.

Kanga haikubuniwa ikulu. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19 walinunua leso za mraba zilizokuja kwa jora, wakazikata na kuziunga sita pamoja, wakapata shuka ya maua ambayo hakuna duka lililowahi kuiuza. Wafanyabiashara wa Kihindi walipoona hivyo wakaagiza shuka nzima zilizochapwa ng'ambo. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla, lilianza biashara mwaka 1887, na chapa yake imo kwenye kanga hadi leo. Itazame kanga moja kwa karibu. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yale maneno yaliyoandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kilatini. Inauzwa kwa doti, pande mbili zinazofanana, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Upande ule wa pili ndio ulioleta mageuzi, maana mwanamke ambaye mama yake alikatazwa kufunika kichwa sasa alijitanda kichwa na mabega kwa kitambaa alichokichagua mwenyewe, chenye maneno aliyotaka jirani yake ayasome.

Fedha zilitoka kwenye karafuu. Msimu ulipofika, wanawake wa Ng'ambo walikwenda mashambani kuchuma, wakilipwa kwa pishi, na msimu ulipokwisha waliingia madukani. Mitindo ilibadilika haraka kiasi kwamba mwenye duka aliyeagiza maua ya mwaka jana aliweza kubaki na mzigo. Wenye bidhaa Manchester na Uholanzi, na baadaye Japani, walilazimika kufuata macho ya wachumaji karafuu wa Unguja. Mwanzoni mwa karne ya 20 likaingia buibui, nalo halikuchukua miaka mingi kuvuka maji. Baada ya muda binti wa liwali na binti wa mchukuzi waliweza kupishana uchochoroni mgeni asijue yupi ni yupi.

Wakubwa hawakukaa kimya. Kofia ilipokuwa kichwani mwa kila mtu, macho yao yalihamia kwenye kofia yenyewe: je, ni ya dukani, au ni kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, kitundu kimoja baada ya kingine, kwa miezi? Kanzu ilipokuwa ya wote, walitazama darizi ya shingoni na kusikiliza lafudhi ya aliyeivaa. Uzio ulisogezwa tu.

Mwaka 1979 mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, alichapisha kitabu kikubwa, La Distinction, juu ya jambo hili hili la kusogeza uzio. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake waliwahoji watu 1,217 kuhusu muziki wanaoupenda, picha wanazoziona nzuri, samani na vyakula vya nyumbani mwao. Alionyesha kwamba majibu yalifuata tabaka na elimu ya mtu, na kwamba kile tunachokiona kuwa chaguo la moyo hujengwa nyumbani na shuleni tangu utotoni, kisha hutumiwa kumpima mwingine. Nakubaliana naye kwa mengi. Ila aliandika pia kwamba watu wa kazi za mikono hupenda kile ambacho hali yao inawalazimisha kukipenda: kinachodumu, kinachoshibisha, kisichogharimu sana. Hapo mwanamke wa Ng'ambo anampinga. Kaniki ndiyo iliyodumu, ndiyo iliyokuwa rahisi, na ndiyo aliyoikataa. Alichuma karafuu mpaka vidole vikageuka rangi, na alichokinunua ni urembo wa msimu mmoja. Alijua hasa anachokifanya, maana alikumbuka uhitaji ulimvalisha nini mama yake.

Muziki ulichukua muda mrefu zaidi kuvuka. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha Ikhwani Safaa, wakaagiza ala kutoka Misri na kufanya mazoezi nje ya ikulu. Hiyo ilikuwa hatua, lakini ilikuwa hatua ndani ya watu wale wale: wanaume wa mjini, wa familia zinazojulikana, wakiimba Kiarabu. Aliyeuvusha muziki huo alikuwa mwanamke mchuuza vyungu.

Alizaliwa Fumba, kusini ya Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Mamaye alifinyanga vyungu, naye akavibeba kichwani hadi mjini kuviuza, akitembea huku akiimba ili wanunuzi wamsikie kabla hawajamwona. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko alifundishwa muziki na kutamka Kiarabu sawasawa kwa kusoma Kurani, na akazungukwa na wapigaji hodari: Subeit Ambar na udi wake, Buda Swedi, Mbaruk Talsam, na mwimbaji Mwalimu Shaaban. Akaanza kuitwa kwenye harusi za matajiri, kisha ikulu kwa Sultan Khalifa bin Harub. Jina la Mtumwa likaachwa. Dunia ikamjua kwa jina la heshima, Siti binti Saad.

Siti alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana namrudia kila ninapofikiria tabaka na ladha. Kwa wakubwa aliimba Kiarabu, hata Kihindi, kwa ustadi ambao hawakuweza kuukana. Alijifunga buibui lake vizuri, akaketi kwa adabu, akawapa kila walichokiita uzuri. Kisha alirudi Ng'ambo, na usiku, nyumbani kwake, pale wachukuzi, mafundi na wanawake wa mtaani walipokusanyika, akaimba kwa Kiswahili juu ya mambo yao: mume anayepiga, karani anayekula fedha, hakimu anayempendelea mwenye nacho. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa. Muuaji alivuka bahari akajificha bara, na waliofungwa wakawa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Habari za namna hiyo hazikuwa na nafasi katika muziki wa ikulu. Siti alizipa kanuni, udi na fidla, ala zile zile zilizokuwa zikipigiwa Sultan, na watu wa Ng'ambo wakasikia kwa mara ya kwanza maisha yao yakiimbwa kwa ala za wakubwa.

Wapo waliokasirika. Wapinzani wake walimtungia nyimbo za kumsuta, wakiuliza tangu lini naye amekuwa mtu, wakimkumbusha alivyokuja mjini kutoka shamba na nguo alizovaa siku hiyo. Walisema hana sura. Naye akawajibu kwa wimbo: uzuri wa sura na utukufu wa nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika leo. Jamii iliyopima mtu kwa ukoo na rangi ilikuwa ikiambiwa na binti wa watumwa kwamba kuna kipimo kingine, na hicho kipimo anacho yeye.

Mwaka 1928 kampuni ya sahani za santuri ya HMV ilimpeleka Bombay na wenzake kurekodi. Ilikuwa safari ya kwanza ya aina yake kwa waimbaji wa Kiswahili, na mafanikio yake yaliwashangaza wenye kampuni: sahani ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache, Unguja, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam hadi ndani ya bara, na kampuni nyingine zikaja mbio. Santuri ilimaliza habari ya kualikwa. Aliyeshindwa kununua mashine alikaa barazani pa mwenye nayo, au mbele ya mkahawa wenye gramafoni, akasikiliza kwa bei ya kikombe cha kahawa, na wenye hadhi walioanza kwa kuinua pua walinunua sahani hizo hizo. Hadi Siti alipofariki mwaka 1950 taarabu ilikuwa imekuwa muziki wa Kiswahili, na Shaaban Robert, gwiji wa lugha, akaona maisha ya yule mchuuza vyungu yanastahili kuandikiwa kitabu kizima, Wasifu wa Siti binti Saad.

Bara na kwenye bandari nyingine hadithi ilikwenda kwa njia yake. Tangu miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu walishindana kwa ngoma ya beni, wakiiga bendi za kijeshi, tarumbeta, magwaride, vyeo vya Kiingereza na sare. Vita vya 1914–1918 vikaisambaza pamoja na askari na wapagazi. Huko Tanganyika beni iligawanyika makundi mawili, Marini na Arinoti. Marini ilikuwa na makarani na waliosoma, na wakajivunia unadhifu. Arinoti ilikuwa ya vibarua na wachukuzi, na wenzao wakawaita wachafu. Kufikia miaka ya 1930 makarani na walimu wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kuiacha beni wakahamia dansi la ukumbini: suti, viatu vya ngozi, gitaa na saksafoni, na tiketi mlangoni. Ngoma ikabaki ya mashamba na ya wazee. Mtu aliyepata kalamu ya ofisini aliona haya kuonekana akicheza ngoma ya babu yake.

Haya hiyo ndiyo aliyoishika Julius Nyerere katika hotuba yake ya kwanza kama Rais wa Jamhuri, Desemba 1962, alipotangaza kuunda wizara ya utamaduni. Aliwaambia wasomi wenzake kwamba wengi wao wanajua kucheza rumba, chachacha, twisti na hata wolzi, lakini ni wangapi wanaijua gombe sugu au lelemama? Naipenda hotuba hiyo kwa ujasiri wake. Hata hivyo, lelemama aliyoitaja kama hazina ya wote ilikuwa na matabaka yake. Katika miji ya pwani ilichezwa na vyama vya wanawake vilivyoshindana kwa nguo na karamu, na nani aingie chama kipi lilikuwa swali la ukoo na uwezo. Serikali ilipozichukua ngoma za vijijini na kuziweka jukwaani mbele ya wageni rasmi, aliyekuwa akicheza kwake alianza kuchezea wengine.

Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilifanya jaribio kali zaidi. Usultani ulikwisha, majumba yakataifishwa, familia za kale zikakimbilia Oman na kwingineko. Ikhwani Safaa ilibadilishwa jina na kuitwa Malindi, na taarabu ya ikulu ikatakiwa iwe ya wananchi. Lakini wananchi walikuwa tayari na ya kwao. Ng'ambo na mashambani kulikuwa na kidumbaki: vigoma viwili vidogo, fidla moja, cherewa za kutikisa, vijiti vya mkwasa, na badala ya besi ya Kizungu, sanduku la chai lililogeuzwa chini juu, likatiwa fimbo na kamba moja. Nyimbo ni zile zile za taarabu, zilizoongezwa mwendo mpaka mtu ashindwe kukaa. Taarabu unaisikiliza umeketi, na ukiguswa unanyanyuka kwa madaha ukamtunze mwimbaji noti yake, lakini kidumbaki unakicheza. Kwa miongo mingi wapigaji walikuwa wakifanya zote mbili. Makame Faki, fundi mwenye sauti nzito, aliimba katika kundi la taarabu la Culture Musical Club ameketi kwenye kiti na suti mwilini, na usiku mwingine akaongoza kidumbaki harusini.

Katika miaka ya 1990 uzio ukasogezwa tena, safari hii Dar es Salaam. Kinanda cha umeme kikaingia, kiuno kikaruhusiwa, na mafumbo yakawa mipasho ya wazi. Khadija Kopa wa kundi la Tanzania One Theatre (TOT) na Nasma Khamis wa kundi la Muungano walirushiana maneno jukwaani, na kumbi zikajaa kina mama wa Magomeni, Temeke na Buguruni waliovaa sare za kanga. Wapenzi wa taarabu asilia walilia kwamba muziki umeharibiwa na watu wasio na adabu. Ilikuwa dharau ile ile ya wapinzani wa Siti miaka 70 kabla. Chama tawala hakikulia. Kilijua hadhira hiyo ni kura, na TOT ya Kapteni John Komba ikapigia kampeni kwa mipasho.

Sasa zamu ni ya singeli. Ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale, Mburahati, katika vigodoro, zile sherehe za mtaani zinazofunga barabara hadi alfajiri. Vijana wasio na ala wala fedha za studio walichukua vipande vya ala za taarabu ya kisasa, wakavizungusha kwenye kompyuta na kuviongeza mwendo hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kisha wakachana mistari juu yake kwa pumzi moja. Wenye nacho wa Masaki na Mikocheni walisema ni uhuni. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati, vijana hao wakaitwa kupiga Ulaya, na watoto wa kishua wakaanza kuicheza kwenye harusi zao za hotelini, baada ya keki, tai zikiwa zimelegezwa. Anayepiga kwenye harusi hiyo mara nyingi analetwa kwa bodaboda kutoka uswahilini, analipwa saa moja, na anapitia mlango wa jikoni.